Debe Lililojaa

Tampere, Desemba, saa tisa alasiri,
na taa za barabarani zimeshawaka.
Tuure ameketi kwenye kochi nyuma yangu,
theluji ya buti zake inayeyukia zulia,
anaisikiliza albamu yao kwa mara ya kwanza
tangu niikamilishe.

Wimbo wa nne. Anainua mkono.
"Mguu wangu uko wapi?"

Upo, Tuure. Upo humo ndani.
Niliubana pamoja na gitaa la Eerikki,
gitaa nikalibana pamoja na koo la Saimi,
kisha nikapanda juu ya mfuniko
kama mtu afungaye sanduku la safari kwa magoti.
Kampuni ilipiga simu mara tatu:
ya wenzenu inavuma zaidi, pandisha.
Nikapandisha.
Pandisha tena.
Kwenye skrini, mawimbi yaliyokuwa na meno ya msumeno
yakawa tofali.

Wahenga walilicheka debe shinda
kwa kuwa haliachi kutika.
Mimi nililijaza pomoni, nikaona:
halitiki, kweli. Wala halisemi kitu.
Ubeti wa kunong'ona una kimo kile kile cha kiitikio,
na kiitikio, kilichozoea kuingia
kama mlango uliopigwa teke,
sasa kinakuta mlango wazi,
watu wameshakaa, chai imeshapoa.
Hata ile pumzi aliyovuta Saimi kabla ya ubeti wa tatu,
hata kiti chako kilicholia nyii,
nimevipandisha hadi vinagombana na ngoma.

Tuure hasemi. Anakwangua barafu kwenye kisigino.

Navuta droo. Ipo nakala ya Oktoba,
kabla sijaipiga pasi.
Naicheza.
"Iko chini," anasema.
Namshika kidole chake cha shahada, kigumu kwa miaka ya fimbo,
nakiweka juu ya kitufe cha duara.
"Sauti kubwa ni kazi ya hiki. Zungusha."

Anazungusha.
Pumzi. Nyii.
Halafu hakuna kitu, nusu sekunde tu,
hakuna kitu kabisa,
na mguu wake unatua kifuani mwetu sote wawili,
maji kwenye glasi yangu yanatetemeka.

Simu inaita. Ni wao.
Naiacha iite;
nayo ina sauti moja, mwanzo hadi mwisho.