Mlio wa Klachi

Nimelala chali chini ya usukani wa Pijo,
miguu nje, kisogo kwenye vumbi la marehemu,
Fundi Aminieli ananimulikia kwa simu
na kunikumbusha kila mara
kwamba chaji imebaki asilimia kumi na moja.

Gereji iko Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Unga unatua juu ya grisi.
Tunatafuta pini, fupi kama kidole cha mtoto,
iliyoishika pedali hii tangu sitini na nane
mpaka kutu ikaifanya nyama moja na chuma.
"Taratibu," anasema fundi. "Inasikia."
Anaidondoshea mafuta ya taa. Tunangoja.
Ananisimulia kesi ya shemeji yake na mpaka wa kihamba,
kesi ndefu, bado haijaisha.
Nyundo ndogo. Tena.
Ikachomoka kama jino la utoto.

Bushi nayo, duara limekuwa yai.
Ubavu mmoja umelika, mwembamba kama ukucha,
ndiyo maana pedali ilipwaya,
ndiyo maana gia ya pili ilikwaruza kila kona ya Kibosho.
Na raba: kulia mistari yake ipo,
kushoto ni chuma kitupu, kinang'aa
kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Baba alikanyaga kwa ukingo wa nje wa wayo.
Kidole gumba alikiacha kwenye shoka,
mwaka ule wa njaa, sabini na nne.
Sikuwahi kumwona akichechemea.
Chuma ndicho kilichomwona.

Spea ya Pijo hii Moshi hakuna. Arusha walicheka.
Shafii wa Majengo akatukerezea bushi ya shaba,
mashine ikitema nyuzi za manjano miguuni pake;
akaipima kwa ncha ya kidole, macho kafumba,
akasema, "Hii itakuzika na wewe."
Raba tulikata kwenye tairi la trekta.

Jioni nikapanda nayo mlima.
Mguu unazama, unarudi, unazama,
hakuna kinachogonga, hakuna kinacholalamika.
Nikavuka daraja, nikapita kanisa,
nikapita migomba ya kwa Ndeonasia,
nikaingia uani, nikazima.

Mama hakutoka.
Nilimkuta jikoni anapepeta maharage,
akashtuka, ungo ukampindukia.
"Mbona unaingia kama mwizi?"

Ndipo nikakumbuka ile kona ya mwisho,
pale baba aliposhusha gia
na pedali ikalia, kwii, kwii, mara mbili,
naye mama akanyanyua mwiko akaanza kupakua
kabla taa za gari hazijagusa ukuta.
Miaka yote ile, na baada yake
miaka sita ya mimi kuliendesha,
bado alipakua kwa mlio uleule.
Nimemlipa Aminieli elfu arobaini
aing'oe hodi ya baba.

Tuliokota maharage hadi giza likatukataza.
Akaomba aione bushi ya zamani.
Nikaitoa mfukoni, nikaifuta kwa shati.
Akaivika kidole cha pete, ikapwaya.
Akaihamishia kidole gumba.
Ikakaa.

Usiku ule tulikula saa nne,
maharage yakiwa bado magumu.