Stoo ya Chini

Mimi ndiye mhasibu. Niliteremka na fomu kumi na nne
hadi stoo ya chini ya kiwanda chetu, hapa Tampere,
walikojifungia watatu: Sanelma, Rauno,
na kijana Ilpo asiyejua pasi.

Mkurugenzi aliwapa ufunguo, meza mbovu, siku mia,
akatuambia sisi wa juu: "Msiwaulize kitu."
Msiwaulize! Mimi, niliyezaliwa na risiti mkononi!

Sisi hutengeneza mashine ndefu kama mtaa,
za kugeuza misonobari kuwa karatasi.
Wao walitaka pampu ya kubebwa kwapani,
mkulima aifungue kwa spana moja, theluji ikianguka.

Juu, kubadili balbu kunahitaji sahihi sita,
na mwenye sahihi ya tano yuko likizo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli;
ila vidole elfu arobaini
humvunja mwenye kichwa,
chawa akasalimika.

Nilikuta pampu ya saba inavuja.
Ya sita ilipasuka; ya tano hawakutaka kuitaja.
Rauno hata hakunitazama. "Shika hapa," akasema,
nami nikashika,
fomu zikadondoka majini,
wino ukachuja kama chai.

Sanelma akakaza nati. Tukangoja.
Tone moja.
Jingine.
La tatu halikuja.

Sijui kama itauzwa. Zimebaki siku kumi na moja.
Huko juu wameniuliza fomu ziko wapi.
Nimewajibu: bado zinakauka.