Nukta ya Saba

Mfuko wa kilo si kilo.
Hilo nililijua wiki ya kwanza hapa Gongoni:
huu gramu elfu moja na tatu,
huu mia tisa tisini na nane,
na chumvi ni ileile, jua lililoikausha ni lilelile.

Kila saa napima mitano, nagawanya,
naweka nukta kwenye karatasi ya miraba.
Mstari wa kati mweusi. Wa juu na wa chini, mwekundu.
Mipaka hiyo hakuichora meneja.
Imetoka kwenye chumvi yenyewe,
siku ishirini na tano nikihesabu inavyohema.

Kitsao hakukubali.
Nukta ikishuka, anafungua vali;
ikipanda, anafunga,
kama mama wa mtoto wa kwanza: chafya moja, hospitali.
Jioni nukta zake mtama mbele ya kuku.
Nikamnyang'anya spana.
"Iache ipumue. Ikivuka mwekundu, niite."
Siku mbili hakunisemesha.
Ya tatu akaniletea mabuyu.

Halafu ile Alhamisi.
Nukta juu ya mstari wa kati. Sawa.
Ya pili. Ya tatu. Ya nne.
Mwekundu haujaguswa, Kitsao anapiga mluzi.
Ya tano, meneja akachungulia begani kwangu:
"Tunagawa bure! Punguzeni chumvi."
Ya sita.
Rusha sarafu mara saba, ije kichwa mara zote:
utaisifu bahati,
au utaigeuza hiyo sarafu uione upande wa pili?

Ya saba nikabonyeza kitufe.
Mkanda ukasimama, mifuko midomo wazi.
Tukakagua vali, faneli, kila kokwa. Hamna.
Nikamtuma kijana dukani kwa Mbodze
akaazime jiwe lake la kilo.
Tukalipandisha kwenye mizani yetu:
elfu moja na mbili.

Ni mguu wa mizani.
Chumvi imeutafuna usiku hadi usiku,
kutu inamenyuka kama ganda la kitunguu.
Gramu mbili. Ncha ya kijiko.
Tungemtii meneja,
kila jiko hadi Marafa lingepungukiwa ncha hiyo,
na jina letu limeandikwa juu ya mfuko.

Pembeni mwa karatasi nikaandika tarehe,
na neno moja: *mguu*.

"Sasa niguse?" Kitsao, mkono uko valini.
"Sasa ndiyo usiguse."
Napima mitano. Mia tisa tisini na tisa.
Chini ya mstari kidogo.
Haijambo.