Mhojiwa wa Kumi na Nne

Nimerudi Kivumbini bila kofia,
viatu vya raba, kinasa sauti mfukoni
pale ilipokaa pingu miaka kumi na mmoja.
Mkono bado hukimbilia kiunoni wenyewe
mlango ukifunguka ghafla.

Profesa wangu kule Njoro huiita data.
Sisi tuliiita taarifa; na kabla ya hapo,
kabla mtu hajanawa damu usoni,
tuliiita kelele.

Bi. Truphosa Kwamboka amenipa kigoda,
amejifuta unga kwenye leso.
Namsomea fomu ya ridhaa:
una haki ya kutojibu swali lolote.
Anacheka hadi kikohozi kinamshika.
"Hayo maneno nayajua, afande.
Ila leo yametangulia."
Kisha dole gumba kwenye kidau:
wino uleule wa zambarau, hata harufu.

Juma lililopita niliomba vitabu vya matukio.
Konstebo mmoja, kidevu hakijaota hata kivuli,
alinipigia saluti, akakumbuka,
akaushusha mkono kama aliyemwita mtu si yeye.
Mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa
lakini mwandiko naujua, ile h yenye kibyongo
aliyonichapia Mwalimu Jeruto nikiwa darasa la tatu:

Saa nne na dakika arobaini usiku.
Doria Kivumbini. Hali shwari.

Shwari.
Usiku huohuo Truphosa ananisimulia sasa,
taratibu, akigeuza mandazi:
komeo likiruka, tochi machoni,
Onditi wake akipapasa chini ya kitanda
akitafuta kiatu cha pili,
na wao wakimwambia huko uendako hukihitaji.
Kiatu anacho bado. Hakunionyesha.
Alikielekezea kidevu tu, juu ya kabati.

"Na wewe," akauliza, "ulikuwa umesimama wapi?"

Sura ya tatu, Mbinu za Utafiti, kurasa ishirini na mbili:
nimeandika jinsi ya kuuliza,
jinsi ya kunyamaza ili mtu aendelee,
jinsi ya kuficha majina.
Hakuna mstari hata mmoja wa kujibu.

Nikachukua fomu nyingine.
Nikaandika tarehe. Nikachovya dole langu.
Nikamsukumia kinasa upande wake wa meza
na kumwonyesha kitufe chekundu;
akakibonyeza, kikabaki na unga.

Ukiisikiliza kanda hiyo leo
utasikia mafuta yakichemka dakika nne nzima,
mtoto wa jirani akiita paka,
halafu mwanamume anasafisha koo.