Moshi Hadi Kahe, Mita Mbili na Nusu

Chumba alichokiacha Elirehema alipohamia Mwanza
nimekitia reli.
Kitanda nilimpa jirani. Mlango wa kabati
nimeulaza juu ya matofali ya kuchoma,
na juu yake, kwa gundi ya fundi viatu,
nimeanza na stesheni ya Moshi.

Reli ni spoki za baiskeli. Nilizinyoosha kwa nyundo
usiku, hadi jirani huyo huyo akagonga ukuta.
Mataruma ni njiti za kiberiti, elfu moja na mia nne,
nimezikata vichwa kimoja kimoja;
vichwa vyenyewe vimo koponi,
kopo sithubutu kulipitisha karibu na jiko.
Kokoto ni mchanga wa mto Karanga
uliopita kwenye chujio la chai.
Huku chini, kuelekea Kahe, mvua inakochoka kufika,
nimemwaga maganda makavu ya kahawa.
Na kichwa cha treni kina mota ya redio kaseti,
ile iliyokuwa ikitafuna kanda za kwaya.

Wageni huinama, hutazama, husifu sifu,
halafu lazima waulize:
"Na mlima uko wapi?"

Mlima sijauweka.
Ungekula chumba chote na dirisha lake.
Tena baba yangu, miaka thelathini mtu wa pointi pale Kahe,
sikumbuki kumwona akiutazama.
Aliupa mgongo. Macho yake yalikuwa chini,
chuma kinapoachana na chuma
kwa upana wa kidole.
"Kidole hiki," alikuwa akituonyesha mezani,
kina mafuta meusi yasiyotoka hata kwa majivu,
"kikikosewa, wa Korogwe anaamkia Voi."

Kaka yangu Aminieli anapiga simu kutoka Dodoma.
Tangi la maji, anasema, lilikuwa kushoto.
Kulia, nasema.
Kushoto, wewe ulikuwa mdogo.
Tumebishana jioni mbili, salio likaisha.
Nimeweka matangi mawili.
Mtoto wa jirani ameuliza kwa nini;
nimemwambia moja ni la mjomba Aminieli,
halina maji.

Jumamosi nikamleta mama.
Alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi
upande wa Moshi, hakusema kitu.
Nikaunganisha waya. Treni ikang'oka Kahe:
kichwa, mabehewa mawili ya boksi la dawa ya meno,
ikapepesuka kidogo kwenye kona, ikajirudi,
ikaingia kwenye miwa, ambayo ni ufagio nilioukatakata,
na hapo umeme ukakatika.

Mtaa mzima wa Njoro ukasema "aaah!" kwa pamoja.

Nikapapasa kutafuta mshumaa, nikakumbuka kopo,
nikaacha. Nikaanza kuwalaani watu wa umeme
na baba zao.

"Nyamaza," mama akasema. "Imesimama wapi?"
"Kwenye miwa, mama. Haijatoka."
"Ehe. Ndipo ilipokuwa ikisimama."

Sijui kama ni kweli. Hakuna wa kumuuliza.
Ninachojua ni kwamba kila Jumamosi
alikuwa akivaa gauni la kijani, anatuacha na shangazi,
anashuka stesheni saa kumi,
na kuna siku walirudi wote wawili saa nne usiku,
baba amebeba viatu vyake mkononi,
mama anacheka kitu ambacho hatukuambiwa.

"Ina saa ngapi?" akauliza.
"Mota ikipoa, umeme ukirudi, dakika mbili."
"Dakika mbili!" Akaguna.
"Hata mkuu wa stesheni alikuwa akisema hivyo hivyo.
Ndizi nimezifunika. Hazitapoa."

Gizani nilisikia fimbo ikilazwa sakafuni,
khanga ikivutwa mabegani,
kisha benchi likalia:
alikuwa akisogea kuelekea ukutani,
akiacha nafasi ya mtu mmoja.

Nikaketi mimi.