Ubavu wa Tano

Mimi ndege ile niliijua kwanza kwa pua.
Baba alirudi jioni, koti likinuka ndizi mbivu,
na watoto wa mtaa wa Kenya
(Kenya yetu, ya Lubumbashi, si ile nchi)
walimkimbilia wamekinga mikono.
Hakuwa na ndizi. Ilikuwa vanishi,
ile inayokaza kitambaa mpaka kilie kama ngoma.

Ilikuja ndani ya makasha, kwa meli, kisha kwa treni:
mbao, waya, injini iliyoning'inia kichwa chini kama popo.
Bawa juu ya bawa. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine,
na fimbo mbili zilizoungana sakafuni,
hata mkono wa mwanafunzi ukikosea
goti la mwalimu linajua.
Vijana wa kizungu walijifunzia humo.
Walidunda, wakapasua tairi, wakaparuza vichaka vya miombo,
na kila kosa lao lilimfikia baba likiwa tundu.

Kaimba, mshona suruali.
Bwana Lievens aliona kiraka chake kwenye turubai la lori,
akampa kitani, nta ya nyuki, sindano ndefu kama mkono wangu.
Ubavu kwa ubavu alilishona bawa,
fundo kila baada ya vidole vitatu.
“Suruali ikifumuka,” alisema, “ni aibu.
Hii ikifumuka, ni matanga.”

Hakupanda hata mara moja.
Aliwahi kuomba. Lievens akacheka, si kwa ubaya,
akampa sigara.

Kiangazi kimoja, bawa la chini la kushoto likiwa uchi,
mbavu nje kama mbwa wa Kamalondo,
alikata pindo la kitenge cha mama, kile cha harusi,
chenye mikia ya tausi,
akalifunga ndani, ubavu wa tano, kwa uzi mweusi,
akafunika, akapaka vanishi mara nne.
Jumapili mama alitoka na mwiko wa bukari mkononi.
Ndege ikapita juu ya bomba la moshi la Yuniyo Minieri,
ikapinduka, tumbo juani.
“Kaimba,” akasema, “usinimwage.”
Nilikuwa na miaka sita. Nilitazama chini
nione kitakachomwagika.

Kisha uhuru, na siku kumi na moja baadaye bendera nyingine.
Watu wenye haraka walitaka kuitundika mabomu:
ni kama kumkabidhi mwalimu wa chekechea panga.
Lievens aliondoka na sanduku moja.
Baba akarudia suruali. Koti lake
likanuka koti.

Mwaka juzi, soko la Kenya, nyuma ya wauza makala,
nikaona banda la kuku lenye paa la ajabu,
jembamba, limepinda mbele kama ukucha.
Kitani kilikwisha zamani. Mchwa walikula walichopenda.
Nikapiga magoti kwenye maganda ya mahindi,
nikahesabu kutoka ncha: moja, mbili…
Kwenye wa tano, uzi mweusi, mafundo matatu,
na buluu kidogo imeng'ang'ania nta.
Ingeweza kuwa tausi.
Ingeweza kuwa kinyesi.

Muuzaji akauliza, mama, unanunua kuku au banda?
Nikamwambia angoje.
Nilikuwa nimeanza kuhesabu upya, kutoka upande wa pili.