Mwezi wa Kwanza Nimekulipia

Iestyn, weka kamera chini, chai inapoa.
Mvua ya bonde hili haina haraka ya kwenda popote,
na kikao cha halmashauri hakianzi hadi saa moja.
Fomu hii hapa. Usiitazame kama hati ya polisi.

Tawi la chama ndani ya chumba cha habari
sisi tunaliita kanisa. Usicheke.
Neno tumerithi kwa wachapaji wa kale,
watu wa herufi za risasi na vidole vyeusi,
na katibu wake huitwa mama, awe na watoto au asiwe nao.
Makanisa mengine ya mji huu yamegeuka maduka ya mazulia.
Letu halina kengele wala paa:
lina kopo la biskuti, daftari, na Gwenfron.

Miaka miwili Gwenfron alinifuata na daftari lile.
Nilimwambia kalamu yangu inanitosha.
Nilimwambia ada ni ghali,
mkononi nimeshika kahawa ya bei ya ada ya wiki.
Mwisho nikamwambia mwandishi hana upande,
nikajiona nimenena.
"Upande huna," akasema. "Mgongo je?"
Akanilipia mwezi wa kwanza kwa sarafu, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Machi.

Novemba niliandika juu ya nyumba ya wazee ya Bryn Helyg,
jinsi mwenyewe alivyozima vipasha joto usiku
na kuwagawia wazee soksi.
Barua ya mawakili ikaja kwenye karatasi nzito:
wanataka radhi, wanataka jina la muuguzi aliyenieleza,
wanataka fedha kuliko thamani ya nyumba ya mama yangu.
Mhariri akafunga mlango taratibu, kama chumba cha mgonjwa.
"Wewe hujaajiriwa, Mererid. Unalipwa kwa habari."
Akanitakia heri.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.
Jina la yule muuguzi lilinifika kwenye ncha ya ulimi.
Nililihisi pale, tamu,
kama kidonge cha usingizi.

Saa nne usiku nikapiga simu.
Gwenfron alikuwa anaosha vyombo, nikasikia maji.
"Umetia saini chochote?"
La.
"Umemtaja mtu?"
La.
"Basi lala. Kesho una wakili."

Wakili alikuja kwa treni kutoka Cardiff,
mwanamke mfupi mwenye mafua na baiskeli ya kukunja.
Alisoma madaftari yangu ukurasa kwa ukurasa,
akanigombeza kwa tarehe niliyokosea,
akaandika jibu la aya mbili.
Wiki nane tukangoja.
Hakuna kilichorudi. Hakuna mpaka leo.
Muuguzi yule bado yupo kazini.
Tukikutana sokoni hunipita kama hanijui,
na sijawahi kupewa salamu nzuri kama hiyo.

Sikuuzii pepo, kijana.
Mwaka jana walipofunga dawati la michezo
watano walitoka na maboksi yao, na chama hakikuwarudisha.
Kiliwapatia mishahara ya miezi mitatu badala ya wiki mbili.
Huo si ushindi.
Ni kodi ya nyumba hadi baridi iishe.
Figa moja haliinjiki chungu, sawa,
lakini hata mafiga matatu, siku nyingine
chungu chenyewe hakina kitu.
Angalau mnakaa watatu kukitazama.

Gwenfron amestaafu, anafuga kuku wakorofi huko Brecon.
Daftari limebaki kwangu.
Mwezi wa kwanza nimekulipia, kwa sarafu, kama alivyonifanyia.
Ukipata, usinirudishie.
Atakuja mwingine anayejua kila kitu,
na kikombe mkononi.

Andika jina kamili, hapo chini ya la Gethin.
Kalamu? Chukua hii.
Hiyo unirudishie.